Mto Rau hausafishwi jumamosi moja, anzieni kwenye mifongo

Masika ikianza tu, mto Rau wetu hapa Moshi unageuka rangi kama chai ya maziwa na kila mtu anaanza kulaumu watu wa mjini wanaotupa mifuko na pampasi mtoni. Ni kweli wanatupa, sikatai. Ila panda na mto taratibu kuelekea Uru, huko juu mlimani, utaona lile tope halitoki mjini, linatoka kwa mtu aliyelima mpaka ukingoni mwa mto, na ile harufu inatoka kwa mwenye banda la nguruwe aliyeelekeza mtaro wake moja kwa moja kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, alafu huyohuyo jumamosi ya usafi ndo wa kwanza kufika na reki begani.

Usafi wa jumamosi sio mbaya jamani, ila unaokota kinachoonekana. Mbolea, mkojo wa mifugo na dawa za shambani haviokotwi. Kwahiyo kabla ya kitu kingine, watu wa juu na watu wa chini wautembee mto pamoja, maana wa Uru akisuuza solo lake, lile bomba la kupulizia dawa, mtoni, wa Mabogini kule chini ndo anayapokea hayo maji kwenye jaruba la mpunga, na hawa wawili mara nyingi hawajawahi kukaa kikao kimoja. Mkitembea andikeni kila mahali mlipokuta tatizo, kingo iliyolimwa, choo kinachovuja, sehemu ng'ombe wanaposhukia kunywa.

Sasa kingo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Najua utaniambia kihamba changu, yaani shamba la nyumbani, chote hakifiki hata hizo mita, na kweli vihamba vyetu vimegawanywa mpaka vimekwisha, ila hiyo isiwe sababu ya kupiga jembe mpaka majini. Acha ukanda usiolimwa kabisa, panda matete au majani ya guatemala kwa kukinga mteremko, sio kufuata mteremko, hapo tope linakamatwa na ng'ombe wako wa ndani anapata majani. Kata kwa zamu, usifyeke yote siku moja ukaacha udongo wazi. Miti weka mringaringa au mkuyu, mkaratusi peleka mbali na maji.

Kwenye dawa ndo watu wanaharibu sana. Usichanganyie dawa kwenye mfongo, chota maji na ndoo uende nayo shambani. Ukimaliza suuza solo mara tatu na hayo maji ya kusuuzia yapulizie kwenye zao hilohilo, usimwage. Chupa nazo suuza mara tatu, zitoboe mtu asije akaziwekea mafuta ya kula. Na mrututu, ile dawa ya ukungu unayopiga kwenye kahawa au nyanya una shaba, ikiingia majini inadhuru samaki na vidudu vidogo wanavyokula.

Urea usirushe wakati wingu limeshafunga, mvua ikipiga inaondoka nayo, yaani umenunua mbolea ya kulisha mto. Kule chini maji yanapotulia mbolea inaotesha ule ukijani wa majini, ukifa unaoza, kuoza kunamaliza hewa kwenye maji na samaki wanakufa. Maji ya kuoshea kahawa na maganda yake yanafanya hivohivo, yana sukari nyingi inayooza haraka, kwahiyo chimbeni shimo mbali na mto, maganda yakioza ni mboji nzuri tu. Samadi ifunike na majani ya migomba na irushe mbali na mtaro.

Mtajuaje kama mnafanikiwa? Hamhitaji maabara kwa kuanzia. Inueni mawe mtoni sehemu ileile kila mara, juu ya makazi na chini yake, muangalie vidudu. Mkikuta vile vyenye mikia mitatu mirefu vimeng'ang'ania chini ya jiwe, hapo maji yana hewa ya kutosha. Mkikuta minyoo myekundu mitupu kwenye tope basi kuna uchafu unaooza. Watoto wa shule wanaiweza hii kazi kuliko sisi, wapeni daftari. Ila maji yenye vidudu vizuri sio lazima yawe salama kunywa, chemsheni. Na ndugu zetu wa upande wa Arusha na Meru wakumbuke kuchemsha hakuondoi floraidi, ni madini yanayoyeyuka kwenye maji, ile inatoka kwenye miamba yenyewe na inataka chujio lake.

Haya yote bila utaratibu yanaisha baada ya miezi miwili. Kama hamna jumuiya ya watumia maji, nendeni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi zake zipo hapahapa Moshi, wawaelekeze namna ya kusajili kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Alafu mkutano mkuu wa kijiji upitishe sheria ndogo, iende halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe, faini iwe na risiti na msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kupanda majani uwe na tarehe inayojulikana kabla ya mvua. Na kwenye ukaguzi msianze na mama mjane mwenye mchicha wake pale kingoni, anzeni na wajumbe wa kamati wenyewe, mjumbe akishapanda majani kwake na kugeuza mtaro wa nguruwe wake ndo apewe daftari la kukagua wengine.