Mitemba wakikaribia kutaga: usiharakishe, usichelewe kubadili chakula

Wafugaji wengi wa kuku wa mayai hubadili chakula cha mitemba, yaani kuku jike wachanga ambao hawajaanza kutaga, kwa kuhesabu wiki tu. Wiki ya 18 ikitimia, mfuko wa chakula cha kukuzia unawekwa kando na wa watagaji unafunguliwa siku hiyohiyo. Umri unasaidia, lakini hautoshi. Kundi lililougua utotoni au lililokula kwa kubanwa linaweza kufika wiki ya 18 likiwa na miili ya wiki ya 15, na hapo chakula cha watagaji huwa mzigo.

Mzigo wenyewe ni madini ya kalsiamu. Chakula cha kukuzia kina kalsiamu asilimia 1 hivi, cha watagaji kina karibu asilimia 4. Mtemba ambaye bado hatengenezi ganda hana pa kuipeleka, hivyo figo ndizo zinazohangaika kuitoa. Utaona kinyesi cha majimaji, na kuku wanasusa chakula. Madhara mengine hujificha: figo zilizoharibika mapema huua kuku mmoja mmoja baadaye, wakiwa tayari wanataga, na mfugaji anabaki akitafuta ugonjwa.

Kuchelewa nako kuna gharama. Siku kumi hadi kumi na nne hivi kabla ya yai la kwanza, kuku huanza kujenga akiba ya kalsiamu ndani ya mifupa yake. Kila ganda huhitaji takribani gramu 2 za kalsiamu. Akiikosa kwenye chakula, ataichota mifupani, na matokeo yake ni maganda laini, miguu dhaifu na kuku wanaolala chini wasiweze kuinuka.

Kwa hiyo mtazame kuku mwenyewe. Kilemba na ndevu hukua na kuwa vyekundu. Ukimgusa mgongoni anachuchumaa. Mifupa ya nyonga, ile miwili iliyochongoka chini ya mkia, huachana: kwa mtemba mchanga hata kidole kimoja hupita kwa shida, kwa anayekaribia kutaga hupita viwili. Pima pia uzito. Kamata kuku kumi kwa kila mia, kutoka pande zote za banda, si wale wanaokukimbilia tu. Kuku wa mayai wa rangi ya kahawia awe na kilo 1.4 hadi 1.5 hivi katika wiki ya 18. Wakiwa chini sana, endelea na chakula cha kukuzia, ongeza vyombo vya kulia ili wanyonge nao wafikie, na usiwaongezee mwanga wa taa kwanza, kwa maana mwanga ndio unaowasukuma kutaga kabla mwili haujawa tayari.

Dalili zikionekana kwa kuku wengi, au mayai ya kwanza yakianza kuokotwa, badili kwa wiki moja. Siku mbili za kwanza changanya robo ya chakula kipya na robo tatu za cha zamani, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu za kipya, hadi umalize. Palipo na chakula maalumu cha kabla ya kutaga, chenye kalsiamu asilimia 2 hivi, kitumie kwa siku chache hapo katikati, kisha ukiache: hakitoshi kwa kuku anayetaga kila siku.

Wiki hiyo iwe ya utulivu. Chanjo ya mdondo (ugonjwa wa kideri), dawa za minyoo na kuhamisha banda vifanyike kabla, na viota viwe vimewekwa tayari.

Kundi likiwa na tofauti kubwa, wengine wakitaga na wengine bado, weka kokoto za chokaa ya mifugo au kombe za baharini zilizopondwa kwenye chombo cha pembeni. Anayehitaji atakula, hasa jioni, kwa sababu ganda hutengenezwa zaidi usiku. Usitumie chokaa ya kupaka nyumba, inaunguza.

Wenye kuku wa kienyeji na chotara wasifuate wiki ya 18. Hao huchelewa, wengi huanza kutaga miezi mitano hadi sita. Na jogoo walio ndani ya kundi hawahitaji kalsiamu hiyo, hivyo ni vizuri kuwalisha peke yao ukipata nafasi.