Namna ya kumtambua chiriku mwenye kichwa cheusi katika msitu wa Mlima Kenya

Sisi wakazi wa Mombasa tumemzoea mnana, ndege wa manjano mwenye weusi usoni anayefuma kiota chake mnazini na kupiga kelele tangu alfajiri. Mazoea hayo hutupoteza tunapokwenda Mlima Kenya kumtafuta Linurgus olivaceus, chiriku wa misitu ya milimani, kwa kuwa dume lake nalo lina kichwa cheusi na kifua cha manjano, na ni rahisi kumwacha apite ukidhani ni yule yule wa nyumbani.

Basi anza na mdomo, kabla ya rangi za manyoya. Mdomo wa dume la chiriku huyu ni mfupi, mnene, wa rangi ya chungwa, nao huonekana wazi hata kivulini. Wa mnana ni mweusi, na jicho lake ni jekundu, ilhali jicho la chiriku ni jeusi. Ukimwona ndege wa rangi hizo hizo mwenye mdomo mrefu mwekundu na mwili uliozidi sentimita 20, huyo ni wa jamii ya Oriolus, kwani chiriku hafikii sentimita 15. Jike ndilo hukosewa zaidi, maana ni la kijani kilichofifia na halina kichwa cheusi. Litambue kwa unene wa mdomo, na kwa dume ambalo aghalabu huwa karibu.

Mahali pazuri ni msitu wa Castle, upande wa kusini wa mlima, kwenye mwinuko wa takriban meta 2,000. Panda treni hadi Nairobi, kisha gari hadi Kirinyaga, ikiwezekana Januari au Februari, kabla ya masika. Chukua sweta nzito na darubini, wala usiingie msituni bila mwongozaji, kwa sababu ndovu na nyati wamo.

Huyu si ndege wa kufukuziwa. Hutulia kimya akila mbegu vichakani, kwa hiyo kutembea sana kwatoa faida ndogo kuliko kusimama nusu saa kando ya njia, penye mimea iliyozaa mbegu, ukitazama kuanzia kimo cha goti hadi matawi ya katikati. Naomba sana usimwite kwa sauti iliyorekodiwa, hasa akiwa na kiota, kwani humwondoa kwenye malezi. Akitokea, mpige picha ya ubavu, ili umbo lote la mdomo lionekane.