Kurudisha kura ya Marekani kwa imeili ukiwa Mombasa

Ndugu zangu wenye uraia wa Marekani mliorudi Pwani, na nyinyi mlio jeshini ng'ambo: kura yenu ipo. Kila mwaka wa uchaguzi jaza upya FPCA, ile fomu ya kuomba karatasi ya kura, inapatikana kwenye tovuti ya FVAP, mpango wa serikali ya Marekani wa kusaidia wapiga kura walio jeshini na ng'ambo. Kwenye fomu hiyo chagua kupokea karatasi ya kura kwa imeili. Tangu sheria ya mwaka 2009, jimbo lazima likutumie kura siku 45 kabla ya uchaguzi wa shirikisho.

Kurudisha ndiko kwenye utata, maana kila jimbo lina lake. Anwani yako ya mwisho kule Marekani ndiyo inayoamua. Mimi ni wa Massachusetts, naruhusiwa imeili. Shemeji yangu wa Minnesota hana ruhusa hiyo. Yeye huchapisha, hutia sahihi na kutuma kwa posta, kwa hiyo aanze mapema sana.

Wa imeili, chapisha kura na karatasi ya kiapo, weka alama kwa kalamu nyeusi, tia sahihi ile ile ya kwenye fomu, kisha skani zote ziwe PDF. Saibani, hakikisha faili lako limefutwa kwenye kompyuta yao kabla hujatoka. Ujue pia karani atakayeifungua ataona ulivyopiga. Majimbo mengi hukutaka usaini kwamba umekubali hilo. Mimi nakubali, ila kama linakukera, tumia posta.

Angalia saa za kule Marekani, si za hapa. Mwaka 2024 vituo vya Boston vilifungwa saa mbili usiku, huku kwetu ikiwa saa kumi alfajiri ya Jumatano.