Kabla ununue graniti ya jikoni, anzia pale kwa sinki

Kaunta yangu ya kwanza ilikuwa MDF, ile bodi ya mbao ya kiwandani, imebandikwa fomaika ya krimu, na siku ilifungwa nilipiga picha nikatumia kila mtu. Fundi alikuwa ameniambia, "Mama, hii maji haiingii, we tulia." Misimu miwili ya mvua haikuisha hapa Mamboleo, Kisumu, kabla pembeni ya sinki paanze kuinuka, mwanzo kidogo tu, ukipitisha kidole unasikia kama kuna kamlima, alafu fomaika ikaachana na bodi na nikidunga na kijiko ndani naona imekuwa uji wa mbao. Imevimba kama mandazi. Na mita mbili kutoka hapo, bodi hio hio bado mpya kabisa.

So nilipokuja kutengeneza jikoni mara ya pili nilijiuliza swali moja tu: hapa kwa sinki nitaweka nini? Juu kwingine kote unaweza bana pesa, hapo usijaribu.

Kama MDF ndo uwezo wako wa sa hii, sio dhambi. Hio bodi ni unga wa mbao umeshindiliwa na gundi, na shida haianzii juu, inaanzia kwa kingo ya lile shimo la sinki, penye fundi amekata na hajafunika kitu. Mwambie apake rangi ya mafuta au vanishi kwa hio kingo, mara mbili, ikauke, alafu silikoni, ndo sinki iingie, na usimame hapo ukiangalia juu ukienda kuchemsha chai ataruka hio step. Ama utumie marini bodi, hio inavumilia maji zaidi.

Nyumba nyingi za huku kwetu lakini zina ile slabu ya zege, ukuta mdogo wa matofali, slabu ya inchi tatu hivi juu yake na vyuma ndani. Hio ni msingi mzuri sana, itabeba chochote utakachoweka. Imwagiliwe maji angalau siku saba kabla mtu aanze kuigonga, na uweke pimamaji mwenyewe. Hapo pia ndo mahali pa kufikiria urefu. Watu hujenga sentimita 85 mpaka 90 kutoka chini, sawa, lakini kama unapikia gesi ya mezani inakaa juu ya kaunta, sufuria ya ugali itakufikia kifuani na sijui utasonga ugali wa watu wanane ukiwa umesimama kwa vidole ama vipi. Mimi nilishusha ile sehemu ya gesi kama sentimita 15, fundi akacheka, sa hii mkewe anataka hivo hivo.

Tailsi ndo rahisi kwa mfuko na sufuria ya moto haizifanyi kitu. Adui ni grauti, ile ya kujaza mistari kati ya taili. Ngege ikikaangwa, manjano ikimwagika, mafuta ya omena, yote yanaenda kulala kwa ile mistari na utasugua na mswaki mpaka uchoke. Ujanja ni kuchukua poseleni ya 60 kwa 60, juu kaunta nyingi zina upana wa sentimita 60, so kutoka ukutani mpaka mbele ni taili moja na hakuna mstari katikati. Pale kwa sinki itisha grauti ya epoksi, ni ghali na mafundi hawaipendi inaganda haraka, lakini hainywi maji.

Terazo watu wameisahau na mimi naipenda. Ile ya sakafu za shule za zamani, vipande vidogo vya mawe na saruji, inamwagwa, inasagwa na mashini mpaka ing'ae. Haina maungio pale kwa sinki, fundi anaweza kuilaza kidogo ili maji yarudi kwa sinki yenyewe, na ikichakaa inasagwa upya. Shida zake: ndimu inakula saruji, usiache imelala hapo, na slabu ikipasuka terazo itapasuka nayo. Ipakwe sila, ile dawa ya kuziba jiwe lisinywe maji, ama nta. Kama pesa iko katikati, sio ya MDF na sio ya graniti, ningeenda hapo bila kufikiria mara mbili.

Sasa graniti, ndo kila mtu anataka. Nilienda yadi na mkoba wenye ndimu, chupa ya maji, pamba na dawa ya kutoa rangi ya kucha, kijana wa pale akaniangalia kama nimekuja kutoa watu mapepo. Mwaga matone ya maji kwa jiwe, ngoja dakika kumi na tano, ukipangusa uone pamebaki na doa jeusi, hilo jiwe linakunywa na litataka sila mara kwa mara. Kamulia ndimu kwa kona: ikiacha alama butu, hio ni mabo (marumaru) ama jamaa yake, haijalishi wanaiita nini, na mabo na jikoni ya ndimu na nyanya hawapatani kabisa. Alafu ile nyeusi tititi, sugua na pamba yenye dawa ya kucha. Pamba yangu kwa jiwe moja ilitoka na weusi kama nimefuta sufuria. Jiwe limepakwa rangi. Kijana akasema, "Aki mama, hata mimi sikujua," na labda ni kweli.

Kumbuka pia uzito. Graniti ya milimita 20 ni kama kilo 54 kwa kila mita ya mraba, so kaunta ya mita mbili kwa sentimita 60 inakaribia kilo 65, usiiweke juu ya kabati za bodi za kuyumba. Na ule ukanda mwembamba mbele ya shimo la sinki ndo huvunjikia njiani, gari ikiruka matuta, kwa hivo jiwe lisafirishwe limesimama, lisilazwe.

Kaunta ya kwatzi sio jiwe la kuchimbwa hivo lilivyo, ni mawe ya kwatzi yaliyosagwa yakachanganywa na gundi ya resini. Hainywi maji wala mafuta, safi sana kwa sinki, lakini ukitoa sufuria kwa moto ukaiweka juu yake moja kwa moja resini inaungua na hio alama haitoki. Kwa nyumba yangu yenye watoto wanaopika, hapana. Na vumbi yake ikikatwa kavu inaharibu mapafu vibaya, Australia walipiga marufuku hayo mawe ya kutengenezwa kuanzia Julai 2024. Graniti pia vumbi yake sio nzuri, so yoyote utakayochukua ikatwe kwa maji, hukohuko yadi, sio kwa veranda yako watoto wakitazama.

Kuna mtu aliniuliza kuhusu jiwe la Kisii, lile la Tabaka. Ni zuri, lakini linachongwa kwa kisu jamani, utakatia sukuma wiki wapi.

Ukiitisha bei uliza ni kwa mita ya urefu ama mita ya mraba, juu kwa kaunta ya sentimita 60 mita moja ya urefu ni 0.6 tu ya mraba na watu hulinganisha bei mbili ambazo hazifanani. Uliza kama shimo la sinki, kung'arisha kingo, usafiri na kufunga viko ndani.

Siku ya kufunga, itisha kamfereji kembamba chini ya kingo ya mbele, maji yakishuka yadondoke hapo yasitambae mpaka kwa kabati. Silikoni ikishawekwa usifungue maji mpaka kesho yake. Na kile kipande walichotoa kwa shimo la sinki ni chako, ulishakilipia, usikubali kirudi yadi. Changu kimepigwa polishi kingo, ndo nasukumia chapati.