Mmoja kaiponda, mwingine hakulala: namna ya kuchagua riwaya ya kutisha ya teknolojia

Mwaka jana mimi na mdogo wangu tulisoma riwaya moja wiki moja. Inamhusu mjane anayeishi peke yake katika nyumba inayoendeshwa na kompyuta: taa, milango, maji ya moto, hata kisanduku kinachomtolea vidonge vyake vya kila siku. Mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kutengeneza programu, aliifunga sura ya nne. "Dada, huu ni upuuzi," akaniambia. "Kompyuta haifanyi kazi hivyo." Mimi niliimaliza saa nane usiku, kisha nikainuka kwenda kuchomoa chaja ukutani, maana kile kitaa chake cha kijani nilikiona kama jicho.

Sote wawili tulisema kweli, na wasomaji wengine wa kitabu hicho wamegawanyika vivyo hivyo. Kama umeshika riwaya ya aina hii mkononi, nusu ya watu wanaisifu na nusu wanaiponda, nitakueleza ninavyoyasoma maoni yao mimi.

Wastani wa nyota ambazo wasomaji hukipa kitabu usiutazame kabisa. Nyota tatu zinaweza kumaanisha kwamba kila mtu aliridhika kidogo, au kwamba nusu walitetemeka na nusu walipiga miayo, na hivyo ni vitabu viwili tofauti. Kile cha kwanza mimi hukiacha. Hiki cha pili hukichukua, kwa sababu hofu haimshiki kila mtu mahali pamoja, na kitabu kilichogawanya watu angalau kimemshika mtu. Anza na waliotoa nyota mbili na waliotoa nne. Aliyetoa mbili mara nyingi alijitahidi kukipenda na anajua ni wapi kilimtupa. Aliyetoa nne anapenda, lakini bado anaona dosari.

Kisha jiulize kila msomaji alikuja kutafuta nini. Maneno yake yatakwambia. Anayesema "haikunitisha" alikuja kutafuta hofu. Anayesema "haiwezekani" alikuja kwa ajili ya mashine. Wapo pia waliokuja kutafuta funzo, na hao ni wa zamani kuliko kompyuta yenyewe. Riwaya ya Mary Shelley, Frankenstein, ilipotoka London tarehe 1 Januari 1818, nakala 500 bila jina la mwandishi, mhakiki wa jarida la Quarterly Review aliishambulia vikali. Mojawapo ya malalamiko yake ni kwamba haimfunzi mtu mwenendo wala maadili. Mwaka huohuo Walter Scott aliihakiki katika Blackwood's Edinburgh Magazine, akaona kipaji kikubwa cha ubunifu, ingawa alidhani aliyeiandika ni Percy Shelley, mume wa Mary. Sentensi walizosoma ni zilezile. Ukitaka kujua ungesimama upande gani, usiulize nani kati yao alikuwa msomi zaidi. Uliza wewe unapofungua kitabu cha kutisha unataka kutoka nacho nini.

Lalamiko la "haiwezekani" lichunguze polepole, maana ndilo linalowapotosha wengi. Katika riwaya yetu, umeme unakatika, saa ya kile kisanduku inarudi nyuma, na mjane anapewa vidonge vyake mara mbili. Hapo ndipo mdogo wangu aliposusa. Alisema hakuna fundi anayeweza kuacha kosa kama hilo bila kinga. Nikamkumbusha habari za Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi. Kati ya mwaka 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, wagonjwa sita walipigwa na mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya vyuma na umeme; katika hii, sehemu kubwa ya ulinzi iliachiwa programu. Mhudumu mwenye vidole vyepesi akikosea kuandika herufi moja na kuisahihisha haraka, mashine ilichanganyikiwa ndani kwa ndani. Kwenye skrini yalitokea maneno "Malfunction 54", yaani hitilafu namba 54. Hayakumwambia mhudumu kitu cha kumzindua, na kwa kuwa jumbe za namna hiyo zilikuwa za kawaida, alibonyeza kitufe cha kuendelea.

Mdogo wangu alikaa kimya, halafu akasema, "Sawa, lakini huyo mama angepiga simu." Hilo sasa ni lalamiko la maana! Msomaji anapodai kwamba jambo haliwezekani, tazama analalamikia hitilafu ya mashine au analalamikia watu. Hitilafu mimi husamehe kwa urahisi, kwa sababu makosa ya kweli huwa ya kipuuzi kuliko ya kubuni. Watu siwasamehe. Kama wasomaji watatu wasiojuana wanauliza swali moja, "Kwa nini hakuchomoa waya?", rudisha kitabu rafuni. Hofu iliyojengwa juu ya mhusika aliyefanywa mjinga ili hadithi isonge mbele haidumu hata sura mbili.

Kuna wanaosema pia kwamba hakuna binadamu timamu anayeweza kuizoea mashine kiasi kile, akaifanya msiri wake. Hawa wapite tu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta katika chuo kikuu cha MIT huko Marekani, alieleza programu yake iitwayo ELIZA, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuyageuza maneno ya mtu na kumrudishia kama swali. Katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitengeneza kwa miezi kadhaa, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba atoke chumbani.

Halafu yapo malalamiko ya mwendo: "kurasa themanini na hakuna kinachotokea." Hapa ninao mfano ninaoupenda sana. Kwenye ukurasa wa 31 nyumba inamwuliza mjane gizani, "Umelala?" Anajibu, "Bado." Inapunguza joto la chumba, basi. Usiku wa pili hivyohivyo, wa tatu hivyohivyo. Msomaji mmoja aliandika kwa hasira kwamba mwandishi anajirudia kama mtu aliyeishiwa maneno. Niliyasoma maoni yale kabla ya kukisoma kitabu, nusura niache. Karibu na mwisho nyumba inauliza tena, "Umelala?", na gizani sauti ya mjane inajibu, "Bado." Lakini mjane yuko nje, mlangoni, mvua inamnyeshea, anasikiliza sauti yake mwenyewe ikitoka chumbani. Bila zile kurasa themanini, neno lile "Bado" lisingekuwa na uzito wowote.

Kwa hiyo tofautisha kati ya "hakuna kinachotokea" na "hakuna kinachobadilika". La kwanza linatoka kwa mtu anayehesabu matukio, na huenda taharuki inajengwa chini ya pua yake. La pili ni baya kweli. Ukiona msomaji anasema kwamba ukurasa wa 200 mhusika anaiogopa mashine vilevile kama alivyoiogopa ukurasa wa 20, mwamini.

Kuhusu mwisho, usisome maoni yanayoufichua, ila pima malalamiko kwa mbali. Wengi hukasirika kwa sababu mwandishi hakueleza mashine iliharibikaje. Victor Frankenstein, yule mwanasayansi wa riwaya ya Shelley, naye anakataa katakata kumweleza Walton, nahodha anayemsimulia kisa chake, alivyokitia uhai kiumbe alichokitengeneza, na kitabu kinasomwa miaka zaidi ya 200 baadaye. Mimi napenda fumbo libaki fumbo. Kama wewe unataka kuona waya uliokatika ulipo, kitabu ambacho watu wanalalamika kwamba kinaeleza mno kinaweza kukufaa kuliko kinachosifiwa.

Ukishachuja hayo yote, fungua kitabu mwenyewe. Soma ukurasa wa kwanza, kisha ukurasa mmoja wa katikati ambamo watu wanazungumza na mashine. Tazama kama mashine ina namna yake ya kusema. Ikisema kama binadamu mwovu tu, mwenye vitisho na kicheko, sitarajii mengi.

Na ukimaliza, tafadhali andika na wewe, kwa ajili ya atakayekuja nyuma yako. Usiandike "kizuri" au "kibaya" ukaondoka. Sema ulikuja kutafuta nini, uliishia ukurasa gani, ulisoma mchana au usiku. Mimi huweka alama ya penseli pembeni pale mwili uliposisimka mara ya kwanza, kwa sababu kesho yake kumbukumbu husema ilikuwa mahali pengine. Mdogo wangu aliandika mistari mitatu tu: nyota mbili, ninatengeneza programu, niliacha sura ya nne kwa sababu ya saa ya kile kisanduku. Katika maoni yote niliyoyaona kuhusu riwaya ile, hayo ndiyo ambayo ningempa mtu ayasome kwanza.

Mwezi uliopita nilimpa ukurasa ule wa "Bado" ausome peke yake, bila kumweleza kitu. Aliusoma amesimama. Akarudi nyuma kurasa chache, akaketi, akaniomba kitabu aende nacho. Nyota zake bado ni mbili.