Kumuuguza mbwa baada ya sindano ya Stelfonta

Dawa hii hudungwa ndani ya uvimbe wenyewe wa seli za masti (aina ya saratani ya mbwa). Prednisoloni (dawa ya steroidi) huanza siku 2 kabla, na dawa za kuzuia histamini (kemikali ya mzio) siku ya sindano. Usiruke dozi: uvimbe unapovunjika humwaga histamini mwilini, na hilo laweza kumuua.

Kinachofuata kinatisha. Uvimbe wa pajani kwa Suzi wangu uligeuka mweusi tii, ukanuka, kisha ukabanduka ukaacha shimo bichi. Ndivyo dawa inavyofanya kazi! Usifunge bandeji. Vaa glavu, osha usaha kwa maji vuguvugu, watoto wasiguse. Kidonda huchukua wiki kadhaa kufunga. Mbwa akitapika, akilegea au akikataa kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.