Janti nyepesi za bei nafuu kwa gari la kasi: jinsi ya kuchagua ukiwa Lubumbashi

Mwenye Altezza, Impreza WRX au Golf GTI akienda kutafuta janti (rimu), huonyeshwa kwanza zinazong'aa, kisha kubwa. Uzito hautajwi. Kwa hiyo nenda na vitu vitatu: mizani ndogo ya kuning'iniza inayofika kilo 50, vernia (ile mafundi wanayoiita pied à coulisse) na rula ndefu iliyonyooka. Ukikosa mizani, panda kwenye mizani ya watu ukiwa umebeba janti, kisha upime bila janti, utoe.

Kwa nini kilo chache zihangaishe mtu? Janti na tairi viko chini ya springi. Kila shimo la barabara hurusha uzito huo juu, na shokapu ndiyo hulazimika kuurudisha chini. Isitoshe, vitu hivi huzunguka. Kilo moja kwenye ukingo wa janti ya inchi 17, gari likiongeza mwendo, humlemea injini kama kilo moja na nusu iliyopakiwa kwenye buti. Kilo moja kwenye uso wa tairi hulemea karibu kama mbili. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wananunua janti ya inchi 18 iliyopungua kilo moja, kisha wanaivisha tairi lililozidi kilo moja na nusu. Pima vyote viwili pamoja.

Janti ya kiwandani ya inchi 17 mara nyingi huwa kati ya kilo 9 na 11. Ili mabadiliko yawe na maana, tafuta inchi 15 isiyozidi kilo 6.5, inchi 16 isiyozidi 7.5, au inchi 17 yenye upana wa 7.5 isiyozidi 8.5. Janti ya Enkei RPF1 ya 17x8 (kipenyo inchi 17, upana inchi 8) ina takriban kilo 7.3, na hiyo ni kipimo kizuri cha kulinganishia kwa sababu si ya bei ya matajiri. Ikiwa muuzaji anasema "nyepesi" na mizani inasema kilo 11, amini mizani.

Inchi ngapi?

Kwa barabara zetu jibu ni fupi: ndogo kuliko zote zinazoweza kupita juu ya breki. Masika yakianza, mashimo hujaa maji na huwezi kujua lenye kina cha kidole na lenye kina cha goti. Kinachoikinga janti hapo ni mpira. Chukua gari lililotoka kiwandani na 215/45R17 (upana milimita 215, ukuta asilimia 45 ya upana huo, janti inchi 17): ukuta wa tairi una milimita 97 na kipenyo chote ni milimita 625. Ukiweka 205/55R16, ukuta unakuwa milimita 113 na kipenyo 632. Umeongeza milimita 16 za mpira, na kipimamwendo kimekosea kwa asilimia moja tu. Ukitaka tairi pana zaidi, 225/50R16 ina kipenyo cha 631. Tairi la inchi 16 kwa kawaida ni rahisi kuliko la 17, na pesa inayobaki inunue mpira bora.

Kikwazo ni breki. Breki za Brembo za Impreza STI kwa kawaida hudai inchi 17, na hata janti mbili za inchi 16 hazifanani kwa ndani. Usiulize, jaribu. Bandika donge dogo la bukari (ugali) uliopoa juu ya kalipa ya breki, sehemu iliyo karibu na spoku (mikono ya janti) na sehemu iliyo karibu na ukingo. Funga janti bila tairi, izungushe kwa mkono, itoe, pima unene uliobaki. Ukiwa chini ya milimita 3, acha. Breki zikipata moto na gari likikata kona, nafasi hiyo hupungua.

Vipimo vya kufunga

Matundu kwanza. Toyota Altezza ni 5x114.3, yaani matundu matano kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3, na Honda Civic Type R ya EP3 vilevile. Impreza WRX ya miaka ya mwanzo ya 2000 ni 5x100. Golf ya nne ni 5x100 lakini Golf ya tano ni 5x112. BMW E46 ni 5x120. Mitego ni miwili. Wa kwanza ni 5x112 na 5x114.3, ambazo macho hayawezi kuzitofautisha. Kwenye janti ya matundu matano huwezi kupima kipenyo moja kwa moja, kwa hiyo pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile lisilopakana nalo. Ukipata milimita 108.7 ni 114.3, ukipata 106.5 ni 112, 95.1 ni 100, 114.1 ni 120. Tofauti ya mbili za kwanza ni milimita 2 na kidogo, ndiyo maana rula ya shule haitoshi. Janti ya 112 ikilazimishwa kwenye 114.3 huonekana imekaza, lakini bolti zimepinda kidogo, na bolti iliyopinda hukatika siku nyingine kabisa, mbali na garaji.

Mtego wa pili ni tundu la katikati. Habu (kitovu ambacho janti hukaa juu yake) ya Toyota nyingi za aina hii ni milimita 60.1, Subaru 56.1, Honda 64.1, VW 57.1, BMW E46 72.6. Janti ya Golf ya nne huingia kwenye Subaru na kubakiza nafasi ya milimita moja inayozibwa kwa ringi; janti ya Subaru haiingii kwenye Golf. Janti nyingi za kununua dukani huchongwa tundu la 73.1 ili zifae magari mengi, na bila ringi ya katikati gari huweza kutetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa hata baada ya kubalansi mara tatu. Ringi za plastiki hulainika kwa joto la breki. Mjini hapa hakuna sababu ya kuzivumilia: mafundi wa kukereza wenye mashine ya tour wapo, na ringi nne za alumini ni kazi ndogo kwao. Mpe vipimo kamili, kwa mfano nje 73.1 na ndani 60.1, na umwambie aache nafasi ya sehemu moja ya kumi ya milimita au pungufu kila upande. Anaweza pia kupanua tundu la katikati kwa milimita moja kwenye mashine hiyohiyo. Asiguse matundu ya bolti. Anayependekeza kuyavuta kwa faili yawe kama yai, mwage.

Halafu ET, au déport: umbali kutoka katikati ya upana wa janti hadi pale habu inapokaa. Weka janti kifudifudi juu ya katoni, laza rula juu ya kingo za nyuma, pima kutoka rula hadi pale habu inapokaa. Toa nusu ya upana wote wa nje wa janti. Kinachobaki ni ET. Janti ya upana wa 7.5 ina takriban milimita 216 kutoka ukingo hadi ukingo, nusu yake 108. Ukipima 150, ET ni 42.

Sasa tumia namba hiyo. Altezza RS200 ilitoka na 17x7 ET50. Ukiweka 17x8 ET45, janti inatoka nje kwa milimita 17.7 na kuingia ndani kuelekea shokapu kwa 7.7. Ukiweka 17x8 ET38, ndani inasogea kwa chini ya milimita moja, lakini nje inatoka karibu milimita 25, na kwenye kila dodane (tuta) ukiwa na abiria nyuma tairi linaweza kukwangua fenda. Dereva wa Lubumbashi hubeba watu wanne na mzigo. Usijaribu gari likiwa tupu.

Spesa (vipande vya kusogeza janti nje) na adapta za kugeuza 5x100 kuwa 5x114.3 zinauzwa kila mahali. Mtu anayehangaikia wepesi hana sababu ya kuongeza chuma kingine katikati. Spesa nyembamba ya milimita 5 inavumilika iwapo nati bado inashika nyuzi za kutosha: mizunguko 8 kamili kwa M12x1.5 (bolti nene milimita 12, nyuzi zikipishana kwa milimita 1.5), 10 kwa M12x1.25 ya Subaru.

Imetengenezwaje, na je ni ya kweli?

Janti za bei nafuu nyingi zimemiminwa: alumini iliyoyeyushwa inaingizwa kwenye kalibu. Zinafaa, ila kiwanda hulazimika kuongeza unene ili zipate nguvu. Njia ya kati, na ndiyo tunayoipendekeza kwa bajeti ya kawaida, ni janti iliyomiminwa kisha ukingo wake ukabingirishwa kwa shinikizo hadi ukawa mwembamba na mgumu. Enkei huiita MAT. Juu kabisa ni zilizofuliwa kutoka kipande kimoja. Hizo zikipiga shimo kwa kawaida hupinda, wakati iliyomiminwa huelekea kupasuka. Iliyopinda kidogo hukurudisha nyumbani. Za magnesiamu ziache: huliwa na kutu zikikosa matunzo.

Janti ya TE37 ya kampuni ya Rays ya Japani ilizinduliwa mwaka 1996 na jina lake hubeba uzito wa ile ya 15x6: kilo 3.7. Ndiyo iliyoigwa kuliko zote. Kuna tofauti kati ya kampuni inayotoa umbo linalofanana kwa jina lake yenyewe, kama Rota ya Ufilipino, na kiwanda kisichojulikana kinachobandika stika ya Rays. Ya kwanza ni janti nzito kidogo lakini ya halali. Ya pili haina anayeijibia. Angalia nyuma ya spoku: maandishi yawe yametokeza au yamechongwa kwenye chuma chenyewe. Alama ya JWL inamaanisha mtengenezaji mwenyewe amedai kufuata kanuni ya Japani. VIA inamaanisha imepimwa na kusajiliwa na chombo kingine. Zikiwepo zote mbili, vizuri. Tafuta pia mzigo: "690 kg", au "1500 lb" ambayo ni kilo 680. Gawa kwa mbili mzigo unaoruhusiwa kwenye ekseli inayobeba zaidi. Janti isipungue hapo.

Janti za mtumba

Hapa ndipo nafuu ya kweli ilipo. Makontena yanayopanda kutoka Dar es Salaam na kuvukia Kasumbalesa huleta janti za Japani pamoja na magari na vipande vyake, nyingi zikiwa 5x100 na 5x114.3. Zinazopanda kutoka Afrika Kusini huelekea zaidi kwa VW na BMW. Seti ya kiwandani ya gari lingine la Kijapani, nyepesi na isiyo na jina kubwa, mara nyingi hushinda janti mpya ya kuiga kwa pesa ileile.

Lakini rangi mpya kwenye janti kuukuu ni ya kutilia shaka. Osha upande wa ndani. Paka mafuta ya taa kuanzia mizizi ya spoku hadi ukingo wa nyuma, subiri dakika 20, futa hadi pakauke, kisha nyunyizia unga wa chaki. Baada ya dakika 10 ufa hujionyesha wenyewe kwa mstari wa majimaji juu ya unga. Ukiona dalili za kulehemu, rudisha: joto la kulehemu huondoa ugumu uliotiwa kiwandani, na mpasuko unaofuata huanza kando ya lehemu. Mwisho ifunge kwenye mashine ya kubalansi na uizungushe bila tairi, sindano ikiwa imesimama karibu na ukingo. Kuyumba kwa milimita moja ni sawa. Kukizidi moja na nusu, bei ishuke au uondoke.

Nati na kufunga

Nati za zamani mara nyingi hazifai janti mpya. Janti za dukani kwa kawaida hutaka koni ya digrii 60. Alumini za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye shingo na washa bapa. Honda za kiwandani zina kichwa cha duara, na bolti za VW pia. Nati ya duara kwenye kiti cha koni hugusa kwa mstari mwembamba tu, kisha hulegea. Nyuzi pia hazifanani: Toyota na Honda ni M12x1.5, Subaru M12x1.25. Tia nati za seti nzima kwenye bajeti, pamoja na ringi, kubalansi na matairi. Tukipanga pesa, matairi yapate angalau theluthi.

Upana wa tairi uendane na janti: 215 kwenye 7 au 7.5, na 225 kwenye 7.5 au 8. Mtindo wa kunyoosha tairi jembamba kwenye janti pana huacha ukingo wazi, na shimo la kwanza linaumaliza.

Siku ya kufunga, sugua habu kwa brashi ya waya hadi vumbi jekundu na kutu viishe, maana hata punje moja huifanya janti iyumbe. Mwombe fundi abandike risasi za kubalansi za gundi kwa ndani, si za kubana kwenye ukingo, zinazokwaruza na kuyaacha maji yaile alumini. Shika nati kwa mkono kwanza, gari likiwa juu, kisha kaza kwa mpangilio wa nyota. Ukaze wa mwisho ni wa spana ya kupima nguvu: Toyota 103 Nm, Honda 108, VW 120. Bunduki ya upepo haijui namba. Nenda mji jirani wa Kipushi na kurudi, acha janti zipoe, kisha kaza tena kwa namba ileile.